CAR-T: Seli za kinga zapewa macho mapya ya kuwinda kansa ya figo

Sikia hii kwanza. Wagonjwa 16 wa kansa ya figo, ile ambayo tayari imetoka kwenye figo na kusambaa mwilini, waliwekewa seli za kinga kutoka kwa watu wengine wenye afya. Hizo seli hazikuwa za kawaida. Jeni zake zilikuwa zimekatwa na kupangwa upya maabarani. Wagonjwa hao walikuwa wameshapitia dawa zingine na kansa ikakataa kusikia. Kwa mmoja wao, uvimbe wote ulipotea. Miaka 3 baadaye, walipompiga skani, bado hawakuona kitu.

Mtu 1 kati ya 16.

Hiyo namba unaweza kuisoma kwa njia mbili. Kuna mwenye atasema, "Tiba imepatikana, fowadi kwa grupu zote!" Na kuna mwenye atasema, "Mmoja tu? Hiyo si kitu." Wote wawili wamekosea, na nataka tukimaliza hapa uwe unajua ni kwa nini.

Najua unachofikiria. Una miaka 22, unapambana na rent ya bedsitter na bando za intaneti. Kansa ya figo inakuhusu nini, na wengi wanaoipata ni watu wa miaka 60 kwenda juu? Inakuhusu hivi: siku mjomba au shangazi akiambiwa ana ugonjwa huo, grupu ya familia itawaka moto. Mtu atatuma video ya kliniki ya ng'ambo. Mwingine atauliza shamba la ushago linaweza kuuzwa pesa ngapi. Halafu wote watageuka kwako, kwa sababu wewe ndiye mwenye simu nzuri na unajua kugugo. "Wewe kijana wa Nairobi, hebu angalia hii maneno kama ni ya ukweli."

Siku hiyo jibu lako linaweza kuokoa shamba. Kwa hivyo tusome. Mimi mwenyewe chuo niliacha mwaka wa pili na biolojia yangu iliishia fomu foo, so kama mimi nimeielewa, wewe pia utaielewa.

Kansa isiyoogopa kemo

Figo zako mbili ziko mgongoni, chini kidogo ya mbavu. Kazi yake ni kuchuja damu na kutoa uchafu kupitia mkojo. Kansa ya figo hupata watu zaidi ya 430,000 duniani kila mwaka, na kuua zaidi ya 150,000. Aina iliyo maarufu zaidi, karibu visa 3 kati ya 4, inaitwa kansa ya seli angavu, kwa sababu ukiziangalia kwa darubini seli zake zinaonekana kama zimejaa maji safi.

Hii kansa ina tabia mbili mbaya. Ya kwanza, inajificha. Figo imekaa ndani sana, kwa hivyo uvimbe unaweza kukua muda mrefu bila wewe kuhisi chochote. Wengi hugundua kwa bahati tu, wameenda kupigwa altrasaundi ya tumbo kwa sababu nyingine kabisa. Ya pili, dawa za kawaida za kemo, zile za kufanya mtu apoteze nywele, haziisumbui sana.

Ikishikwa mapema, daktari anakata uvimbe au anatoa figo nzima, na mtu anaishi na ile nyingine bila shida. Huko Marekani, zaidi ya asilimia 90 ya wanaogunduliwa kansa ikiwa bado ndani ya figo huwa hai miaka 5 baadaye. Ikigunduliwa wakati imeshafika mbali, kwa mfano kwenye mapafu au mifupa, namba hiyo inaporomoka hadi chini ya asilimia 20. Kutoka 90 hadi chini ya 20, ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni wakati.

Kwa wale wa hatua ya mwisho, kuna dawa ambazo zimesaidia. Kuna vidonge kama sunitinib vinavyokata njia za damu zinazolisha uvimbe. Kuna pia dawa za dripu kama nivolumab na pembrolizumab, ambazo zinaondoa breki kwenye kinga ya mwili ili ipigane yenyewe. Wazo hilo la kuondoa breki ndilo lililowapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Zimeongeza maisha ya watu wengi. Lakini kwa wengi kansa hujifunza mbinu na kurudi. Hapo ndipo CAR-T inaingia.

CAR hapa si gari

Ndani ya damu yako sasa hivi kuna askari wanaoitwa seli T. Kazi yao ni kupiga doria. Wakikutana na seli iliyoingiwa na virusi, wanaitoboa na kuiua. Shida ya kansa ni kwamba si mgeni. Ni seli yako mwenyewe iliyoharibika, mtoto wa nyumbani aliyegeuka mwizi. Askari akimwangalia anaona sura anayoijua, anampigia saluti, anapita.

Sasa chukua mfano wa jezi. Tuseme wezi wote wa mtaa wanavaa jezi ya aina moja, lakini askari wako hawaoni rangi ya hiyo jezi. Wanasayansi wakajiuliza: itakuwaje tukichukua askari, tumpatie macho mapya yanayoona jezi hiyo tu, halafu tumrudishe kazini?

Macho hayo ndiyo CAR. Kwa Kiswahili tunaweza kusema kipokezi mseto. Ni protini isiyopatikana kiasili mwilini, iliyounganishwa maabarani kutoka vipande viwili. Cha nje kinashika jezi ya kansa, cha ndani kinapigia seli T kelele, "Shambulia!" Wazo hili lilianza kufanyiwa kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanasayansi Zelig Eshhar na wenzake katika Taasisi ya Weizmann, Israel.

Kwa kawaida kazi inakwenda hivi. Mgonjwa analazwa karibu na mashine, damu inatoka mkono mmoja, mashine inachuja seli T, damu iliyobaki inarudi mwilini. Seli zinapelekwa maabara. Huko zinapewa jeni mpya kwa kutumia virusi vilivyonyang'anywa uwezo wa kuleta ugonjwa, hivyo vimebaki kama bodaboda wa kubeba mzigo tu. Halafu zinazaliana hadi kufika mamilioni. Baada ya hapo mgonjwa anapewa dawa za kemo kwa siku chache. Lengo la kemo hiyo si kuua kansa, ni kupunguza seli za kinga za zamani ili hizi mpya zipate nafasi. Mwishowe seli zinarudishwa mwilini kwa dripu.

Mtoto wa kwanza kutibiwa hivi ni Emily Whitehead wa Marekani, mwaka 2012, katika hospitali ya watoto ya Philadelphia. Alikuwa na miaka 6 na kansa ya damu iliyorudi tena na tena. Seli zilipoanza kazi, homa ilipanda vibaya hadi akawekwa kwenye mashine ya kupumua. Madaktari wakagundua kwamba kemikali moja ya kinga ilikuwa imefurika mwilini mwake. Dk Carl June, mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, alikuwa na binti mwenye ugonjwa wa viungo, na kwa sababu hiyo aliijua dawa moja ya viungo, tocilizumab, inayozuia kemikali ile ile. Wakampa Emily. Akapona, na kansa haikurudi. Mwaka 2017 tiba hiyo, kwa jina Kymriah, ikawa CAR-T ya kwanza kuidhinishwa Marekani.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema CAR-T inafanya kazi, hadanganyi. Inafanya kazi kwa baadhi ya kansa za damu. Hapo kwa "kansa za damu" ndipo habari nyingi za mtandaoni huteleza.

Rotterdam ilijaribu mapema

Kansa ya damu inaogelea kwenye damu, na seli T nazo ziko kwenye damu. Kuikuta ni rahisi. Kansa ya figo ni bonge la nyama. Askari lazima atoke kwenye mshipa, apenye ukuta, aingie ndani ya uvimbe ambao hauna hewa ya kutosha, umejaa kemikali za kumlevya, na umezungukwa na seli zingine zilizohongwa na kansa ili zimtulize. Wengi huchoka kabla ya kurusha ngumi ya kwanza.

Na kuna swali la jezi. Ukichagua jezi ambayo raia wema pia wanaivaa, umeharibu.

Hii si nadharia. Kansa ya figo ilikuwa kati ya kansa za kwanza kabisa kujaribiwa na CAR-T, hata kabla ya Emily kutibiwa. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walichagua jezi inayoitwa CAIX, ambayo iko kwa wingi kwenye seli za kansa ya figo. Kwa jumla walitibu wagonjwa 12. Muda mfupi baada ya dripu, vipimo vya ini vya wagonjwa wa mwanzo vikaanza kupanda. Kumbe seli za mifereji ya nyongo ndani ya ini nazo huvaa CAIX. Askari waliona jezi, wakapiga. Hakuna mgonjwa hata mmoja ambaye uvimbe wake ulipungua.

Lakini lilitoka somo moja kubwa. Macho yale mapya yalifanya kazi, yaliona jezi na kushambulia. Kilichokosewa ni uchaguzi wa jezi.

CD70, na ndugu wanaouana

Miaka ikapita, jezi mpya ikapatikana. Jina lake CD70.

Hapa lazima nikupeleke ndani kidogo, vumilia. Wengi wenye kansa ya seli angavu huwa wameharibikiwa na jeni moja inayoitwa VHL. Kazi ya VHL ni kuzima kengele ya upungufu wa oksijeni. Ikiharibika, seli inaishi ikidhani haina hewa hata kama hewa imejaa. Inaanza kujijengea mishipa mipya ya damu kila upande, na ndiyo maana uvimbe wa figo huwa na damu nyingi sana. Mwaka 2019 William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipata Nobel kwa kueleza jinsi seli zinavyopima oksijeni.

Kengele hiyo inayolia bila kukoma pia ndiyo inayochangia seli ya kansa kuvaa CD70 kwa wingi. Figo yenye afya haivai. Viungo vingine vikubwa pia havivai. Ukiangalia hivyo, ni jezi safi kabisa ya kulenga.

Isipokuwa kuna kundi moja la raia wema linaloivaa. Ni seli T zenyewe! Zikishaamshwa kupigana, huvaa CD70 kwa muda. Sasa fikiria umewapa askari wako amri ya kumpiga kila mwenye jezi hiyo, halafu vita vikianza, wote wanajikuta wameivaa. Watachapana wao kwa wao hadi waishe, mwizi akiwa amekaa kando anatazama.

Suluhisho lilikuja na mkasi wa jeni unaoitwa CRISPR, uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Nobel ya mwaka 2020. Ukitumia mkasi huo unaweza kukata jeni ya CD70 ndani ya seli T kabla ya kuzituma. Askari hawezi tena kuvaa hiyo jezi hata akitaka. Anaiona kwa adui tu.

Suti ya fundi na suti ya dukani

Kuna shida nyingine. Kutengeneza seli za mgonjwa mmoja mmoja ni kama kushonewa suti na fundi. Anakupima, unasubiri wiki kadhaa, unalipa bei ya kukuumiza. Na mgonjwa wa hatua ya mwisho hana wiki za kusubiri. Mara nyingine seli zake pia zimechoka kwa ugonjwa na dawa.

Ndiyo watafiti wakafikiria suti ya dukani. Chukua seli T za mtu mwenye afya, zitengeneze kwa wingi, zigandishe kwenye barafu kali. Mgonjwa akifika, ziko tayari.

Lakini seli za mgeni zina fitina. Zinaweza kuona mwili mzima wa mgonjwa kama adui na kuushambulia. Na mwili wa mgonjwa nao unaweza kuziona kama adui na kuziua. Hapo tena mkasi wa CRISPR ukatumika: kata kipokezi cha asili cha seli T ili isimshambulie mwenyeji, kata kitambulisho chake ili mwenyeji asiione haraka, kata CD70 ili ndugu wasiuane, halafu weka CAR ya kuona CD70.

Seli hizo zikaitwa CTX130. Ndizo zilizowekewa wale wagonjwa 16 niliokuambia mwanzo, katika jaribio lililoitwa COBALT-RCC. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida la Cancer Discovery, na Dk Sumanta Pal wa hospitali ya City of Hope, California, akiwa mmoja wa walioongoza.

Sasa tusome zile namba vizuri

Mgonjwa 1 uvimbe ulipotea wote. Wengine 12 kansa ilisimama kwa muda bila kukua, halafu kwa wengi ikaendelea. Watatu waliobaki haikusimama kabisa. Ukijumlisha yule mmoja na hao 12 unapata 13 kati ya 16, yaani asilimia 81. Umeona vile mtu anaweza kuandika "CAR-T yadhibiti kansa ya figo kwa asilimia 81" na asiwe amedanganya hata neno moja? Lakini kudhibiti si kuponya. Ukiona asilimia kwenye kichwa cha habari, uliza ni asilimia ya nini.

Kumbuka pia kwamba hilo lilikuwa jaribio la awamu ya kwanza. Swali kuu la awamu ya kwanza huwa ni moja: dawa hii itaua mtu au la? Kwa swali hilo, majibu yalikuwa mazuri. Nusu ya wagonjwa walipata ile homa ya kinga kufurika iliyomlaza Emily, lakini kwa kiwango cha chini. Na hakuna shambulio la viungo vingine kama lile la Rotterdam.

Kuhusu yule mmoja, ana maana kubwa kuliko namba inavyoonyesha. Kabla yake, watu walikuwa na sababu ya kusema haiwezekani kabisa seli T za kutengenezwa, tena za mtu mwingine, kusafisha kansa ya figo iliyosambaa. Sasa hakuna anayeweza kusema hivyo. Swali limekuwa: tutafanyaje ili wale 15 wengine wapate kama yeye?

Kazi inaendelea. Kampuni ya CRISPR Therapeutics ilihamia toleo jipya, CTX131, lenye mabadiliko mengine 2 ya jeni ili seli zisichoke haraka. Kampuni nyingine, Allogene, ina seli zake za dukani zinazolenga CD70, ALLO-316. Matokeo yaliyotolewa kwenye kongamano la madaktari wa kansa mjini Chicago mwaka 2025 yalionyesha kwamba kati ya wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa na CD70 nyingi, karibu 3 kati ya 10 uvimbe ulipungua kwa kiasi cha kuhesabika. Hiyo ni hatua. Lakini baadhi yao pia walipata uchochezi mkali wa kinga uliohitaji matibabu ya haraka.

Usidanganywe kwamba CAR-T ni laini kwa sababu ni "kinga yako mwenyewe". Inaweza kushusha presha hadi hatari. Inaweza kuvuruga ubongo, mtu akasahau jina lake kwa siku kadhaa. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru CAR-T za kansa ya damu ziwekewe onyo kali kwamba kwa nadra zinaweza kuleta kansa nyingine ya seli T. Ndiyo sababu tiba hii hufanywa kwenye hospitali zenye ICU, wala si kwenye kliniki ya ghorofa ya pili juu ya duka la simu.

Na doh je?

Kymriah ilipoidhinishwa mwaka 2017, bei yake ilikuwa dola 475,000 kwa dripu moja. Kwa dola ya shilingi 129, hiyo ni zaidi ya milioni 61. Hapo hujalipa kitanda, ICU wala tikiti ya ndege.

Linganisha na sisi. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kifurushi cha kansa kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Hesabu mwenyewe: ungeweka kifurushi chote cha mwaka kando, ungehitaji zaidi ya miaka 110 kufika bei ya dripu moja.

Kuna mwanga kidogo kutoka India, mahali ambapo Wakenya wengi huenda kutibiwa kansa. Chuo cha IIT Bombay na hospitali ya Tata Memorial walitengeneza CAR-T yao, NexCAR19, iliyoidhinishwa huko Oktoba 2023 kwa takriban moja ya kumi ya bei ya Marekani. Bado ni mamilioni ya shilingi, lakini inaonyesha kwamba bei ile ya kwanza haikuandikwa kwenye jiwe. Nchi ikiwa na maabara yake na watu wake waliosomea kazi hiyo, bei inashuka. Kama uko chuo unasomea mambo ya maabara na unajiuliza hiyo digrii itakupeleka wapi, hiyo hapo ni njia moja.

Ila soma vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo mashamba yanauzwa: NexCAR19 ni ya kansa za damu. Kymriah pia ni ya kansa za damu. Hakuna CAR-T ya kansa ya figo ambayo imeidhinishwa na FDA. Kwa figo, hii bado ni majaribio. Mtu akikuambia anaiuza, tayari una jibu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupitisha kofia

Harambee ya matibabu ni kitu kizuri, na sijawahi kuona Mkenya akikataa kutuma hata mia mbili kwa M-Pesa. Lakini kabla paybill haijatumwa kwa grupu, uliza haya:

Tiba hiyo imeidhinishwa kwa kansa hii hasa, ama kwa kansa nyingine? Jina la kansa likibadilika, jibu linabadilika.

Kama ni majaribio, yamesajiliwa wapi? Majaribio halali huandikwa kwenye sajili za wazi kama ClinicalTrials.gov, au ile ya Afrika, Pan African Clinical Trials Registry. Unaingia bure, unatafuta. Hapa Kenya, jaribio la dawa lazima lipate kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu na kamati ya maadili. Hakuna kibali, hakuna mazungumzo.

Nani analipia dawa? Kwenye majaribio ya kampuni za dawa, seli zenyewe kwa kawaida hulipiwa na mdhamini, si mgonjwa. Kliniki ikikuambia ni "utafiti" halafu ikuitishe milioni kadhaa kama amana, shuka kwenye hiyo matatu.

Na la mwisho: daktari anayemtibu mgonjwa sasa anasema nini? Kenyatta, KUTRRH, Moi Eldoret, Aga Khan, Coast General, zote zina wataalamu wa kansa. Mwombe akueleze aina ya kansa, hatua yake, na dawa zipi zilizopo hazijajaribiwa bado. Mara nyingine familia inakimbilia kitu cha ng'ambo ilhali kuna kidonge au dripu hapa hapa ambayo mgonjwa hajapewa nafasi ya kuitumia.

Ya leo leo

CAR-T ya figo inaweza kuja baada ya miaka kadhaa, inaweza pia kukwama. Lakini ile tofauti ya 90 na 20 niliyokuambia iko tayari, na haihitaji CRISPR.

Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata kama haiumi, nenda hospitali. Wengi huona, ikipotea wanasahau. Inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa kichocho, inaweza kuwa mawe ya figo. Lakini inaweza kuwa hii. Maumivu ya ubavu yasiyoisha, uvimbe unaoshikika, kupungua kilo bila sababu, zote ni sababu za kupimwa. Altrasaundi haiumi na si ya bei ya kuuza shamba.

Vitu vinavyoongeza hatari vinajulikana: sigara, uzito kupita kiasi, na presha ya juu. Sigara na uzito unaweza kuanza kuvishughulikia wiki hii. Presha ya wazazi unaweza kuipima Jumapili ukienda nyumbani, mashine ya kupimia ni bei ya viatu.

Na grupu ya familia ikiwaka, usinyamaze, na usiwakatize watu matumaini kwa dharau. Waambie hivi: hii kitu ni ya ukweli, imemsafisha mtu mmoja kati ya 16, wanasayansi wanaisukuma mbele kila mwaka, na bado haijafika dukani. Halafu uliza mjomba ana kliniki siku gani, na nani anampeleka.